Kachumbari ya Kukunja

Mjukuu wetu anayefanya kazi Dar es Salaam alitutumia kifurushi kwa basi. Basi lilikuwa linaelekea kwingine, likakiacha Bunda, nami nikapanda gari kutoka Musoma kwenda kukichukua. Nilikifungulia pale pale stendi, maana mzee naye ana pupa yake. Ndani mlikuwa na karatasi za mchele za mviringo, ngumu na zinazoona ng'ambo kama nailoni. Fungu la tambi nyeupe za mchele. Chupa ya maji ya samaki yenye rangi ya chai. Na kurasa mbili za maelekezo zilizopigwa chapa kwa Kiswahili. Juu yake palikuwa na maneno machache ya mkono: "Babu, daktari amemkataza bibi mafuta. Hivi havikaangwi."

Ni kweli. Mke wangu alipatwa na kiharusi, na tangu hapo mkono wake wa kulia haumtii. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa sayansi kimu katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, na kwa zaidi ya miaka arobaini ndiye aliyekuwa bwana wa jiko letu. Mimi, niliyekwisha kuvuka miaka sabini, nilikuwa najua kuchemsha chai tu. Basi katika kurasa hizi nakusudia kupima mambo mawili. La kwanza ni chakula chenyewe: je, kinastahili nafasi katika nyumba ya Mara? La pili ni yale maelekezo, kwa sababu nimetumia maisha yangu kukagua maandalio ya masomo, na maelekezo ya kupika ni andalio la somo kama mengine.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kwetu, ukisema springi roli, watu huona kile kitu cha harusini na hotelini: ganda la ngano, kabichi na karoti ndani, kimezama katika mafuta mpaka kikawa chekundu. Asili yake ni Uchina, na kwa tabia ni ndugu wa sambusa. Siku ile Bunda nilikula kimoja mgahawani nikisubiri gari la kurudi, na kilikuwa kitamu; sina ugomvi nacho. Wavietnam nao wanacho chao cha kukaanga: watu wa kaskazini hukiita nem rán na watu wa kusini chả giò. Lakini hiki tulichotumiwa ni kingine. Jina lake ni gỏi cuốn. Gỏi ni mchanganyiko wa mboga uliokolezwa, ndiyo kusema kachumbari. Cuốn ni kukunja kwa kuviringisha. Hivyo ni kachumbari ya kukunja. Mtu akikiita kwa jina la kile cha kukaanga, mlaji atangoja kusikia kitu kikivunjika kati ya meno, na asipokisikia ataona amepunjwa.

Sisi wa rika langu tuliijua Vietnam kwa vita. Nchi yetu na yao zilifungua uhusiano wa kibalozi mwaka 1965, na nilipokuwa mwalimu kijana tulisikiliza redioni habari za Saigon kuanguka tarehe 30 Aprili 1975. Tulishangilia. Lakini sikumbuki hata siku moja nikijiuliza watu wale walikuwa wakila nini. Baadaye, mwaka 2015, kampuni yao ya Viettel ikaja na Halotel, nasi tukawajua kwa simu. Chakula kimechelewa kufika, ingawa pengine kilistahili kutangulia.

Ile karatasi ya mchele, kwa jina bánh tráng, ndiyo moyo wa jambo lote. Wenyewe husaga mchele uliolowekwa, wakapata uji mwepesi. Huumimina na kuutandaza juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye mdomo wa chungu cha maji yanayochemka. Mvuke ukiuivisha, huinuliwa kwa kijiti na kuanikwa juani juu ya chanja za mianzi. Wengine huongeza wanga wa muhogo ili ganda livutike lisikatike. Mtu wa Mara hahitaji kufundishwa maana ya kuanika: makopa yetu ya muhogo hukauka juu ya mawe, na dagaa hukauka mchangani kandokando ya ziwa. Niliposoma kwamba ndani ya karatasi ile mna mchele, muhogo na jua, niliona tumekwisha kuwa majirani.

Jaribio la kwanza lilifanyika Musoma, jikoni kwetu, mke wangu akiwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Maelekezo yalisema: "Loweka karatasi katika maji ya uvuguvugu mpaka ilainike vizuri." Nilitii. Niliitia karatasi majini, nikangoja ilainike vizuri, nikaitoa. Ilining'inia mkononi kama ute wa bamia, ikajishika yenyewe kwa yenyewe, na nilipojaribu kuitandaza kwenye kibao ikapasuka. Ya pili hali kadhalika. Niliharibu tano.

Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Mwalimu, toa ingali ngumu."

Nikamwambia maelekezo hayasemi hivyo.

"Maelekezo hayajui wanga. Kitu kikavu hakiachi kunywa kwa sababu wewe umekitoa majini. Maji yamekwisha kukaa juu yake. Kiache kinywe kikiwa kibaoni."

Yeye hakuwahi kuiona karatasi ile maisha yake. Lakini alijua mchele na alijua muhogo, na hiyo ilimtosha. Niliizamisha ya sita, nikaizungusha, nikahesabu mpaka tano, nikaitoa ikiwa bado ina ukaidi. Nikailaza kibaoni. Wakati napanga majani juu yake ilikuwa inalainika yenyewe taratibu, na nilipomaliza kupanga ilikuwa tayari kukunjwa. Ikakunjika.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu nyekundu. Katika zile kurasa mbili, neno "vizuri" limetumika mara saba na neno "kiasi" mara nne. Osha vizuri. Loweka vizuri. Weka vitu kiasi. Viringisha vizuri. Mwanachuo angeniletea andalio la namna hii siku za mazoezi ya kufundisha ningemrudishia kabla hajaingia darasani, kwa kuwa "vizuri" si hatua ya somo. Ni sifa ambayo mwalimu huitoa kazi ikiisha. Anayejua tayari hahitaji kuambiwa neno hilo, na asiyejua halimsaidii kitu. Maelekezo haya yameandikwa na mtu mwenye mikono mizuri aliyesahau siku alipokuwa hana.

Kwa haki ya msomaji anayetaka kujaribu, naziandika hatua kama nilivyozipata. Chemsha tambi, zichuje, ziache zipoe. Kata tango na karoti vipande vyembamba vya urefu wa kidole. Andaa majani ya saladi, nanaa na kotimiri. Weka maji ya uvuguvugu katika sahani pana, na kando yake kibao chenye unyevu kidogo. Zamisha karatasi moja tu kwa wakati. Hesabu mpaka tano. Itoe ingali ngumu. Tanguliza jani la saladi katika theluthi ya chini, ili karoti isiitoboe karatasi. Juu yake tambi, mboga na nanaa. Funika kwa ncha ya chini, vuta kuelekea kwako hadi ikaze, kunja pembeni kulia na kushoto kama bahasha, kisha viringisha mbele. Wavietnam huweka kamba waliopasuliwa nusu karibu na mwisho wa kukunja, upande mwekundu ukitazama nje, ili rangi ionekane kupitia ganda. Mikunjo isigusane sinia moja bila jani katikati, maana itashikana. Ifunike kwa kitambaa kibichi, na iliwe siku hiyo hiyo. Ukiiweka kwenye jokofu hadi kesho ganda hukakamaa.

Nilipokuwa nikiandika hayo, mke wangu akiniamuru niongeze hiki na kile, nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote. Nikiwa mkuu wa chuo, mwaka mmoja fungu la matumizi lilipunguzwa, ikanipasa kukata. Sikukata hisabati wala Kiswahili. Nilikata mkaa, unga na mafuta ya somo la sayansi kimu. Niliona ni somo la kupika tu, na kupika kila mtu hujifunza kwao. Mwaka ule wanachuo walifundishwa chapati ubaoni, kwa chaki. Mwalimu wao alichora jiko, akachora kikaango, akaandika hatua, wao wakanakili. Aliniambia mara moja tu, tena ofisini, kwa heshima ya kazi: "Mkuu, hawa wataenda kufundisha moto wasiouona." Nikamjibu kwamba fungu ni fungu. Nyumbani hakulirudia.

Kurasa mbili za mjukuu ni chapati ya chaki. Sina haki ya kumlaumu mwandishi wake kwa ukali, kwa kuwa mimi nilizalisha walimu wa mwaka mzima kwa njia hiyo hiyo.

Jaribio la pili tulilifanya Butiama, kwa mdogo wangu. Siku ile palikuwa na wageni: Wasabato wawili, Mwislamu mmoja, na sisi wengine. Maelekezo yalitaka nyama ya nguruwe ya kuchemsha na kamba. Mwislamu hali nguruwe, na Msabato hali nguruwe wala kamba. Hapo nililazimika kuwa mfasiri. Badala ya nguruwe na kamba tukatia sato wa kuchoma aliyetolewa miiba, na mayai yaliyokaangwa kwa mafuta kidogo yakakatwa kama utepe. Badala ya ile chupa ya maji ya samaki peke yake, shemeji alitwanga karanga, akazikoroga na ndimu, kitunguu saumu, pilipili na sukari kidogo. Wavietnam nao wana mchuzi wa karanga kwa chakula hiki, kwa hiyo hatukuvunja sheria ya mtu.

Tulikosea jambo moja: tulitaka kukunja jikoni tukapeleke sebuleni. Watu walikuwa wengi, nami mkunjaji nilikuwa mmoja. Shemeji akachoka kungoja, akabeba sinia, kibao na sahani ya maji, akaviweka katikati ya watu. "Kila mtu ajikunjie," akasema. Hatukujua kwamba Vietnam kwenyewe mara nyingi huliwa hivyo, vitu vyote vikiwa mezani na kila mlaji akijitengenezea. Mdogo wangu alikataa kabisa. Mzee wa boma ajipikie mbele ya wageni? Mtoto wake wa kike wa darasa la nne akasogea, akamwambia, "Baba, toa ingali ngumu, baba mkubwa amesema." Akajaribu. Wa kwanza ulifunguka ukamwagika mapajani. Wa tatu ulikaa, akauinua watu wauone, na baada ya hapo hakutaka kuachia zamu yake ya maji.

Kisha karatasi zikaisha, watu wakiwa bado wana hamu. Shemeji akaingia jikoni akatoka na chapati za maji, laini na nyembamba, tukakunjia humo vile vile vilivyobaki. Vijana wakasema hii ndiyo bora. Hapo likazuka swali ambalo ndilo kiini cha uhakiki wangu: je, bado tulikuwa tunakula chakula kile kile?

Tulikuwa Butiama, na Butiama swali la tafsiri haliepukiki. Mwana wa kijiji hicho, Mwalimu Nyerere, alitafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, na mwaka 1969 ukatoka kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza akawa mabepari wengi wa Kiswahili. Miaka mingi nilibishana na wanachuo juu ya jina hilo. Wengine waliona ni uasi, wengine wakaona ndipo mchezo ulipopata kuzungumza na Tanzania ya wakati ule, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Msimamo wangu ulikuwa huu: jina limebadilika, lakini kesi imebaki. Shailoki bado anadai ratili yake ya nyama, na ukiiondoa ratili hiyo umeandika mchezo wako mwenyewe, hata ukiwa mzuri.

Katika kachumbari ya kukunja, ratili ya nyama ni lile ganda la mchele. Sato aingie mahali pa nguruwe, karanga mahali pa maji ya samaki, kotimiri mahali pa jani lisilopatikana sokoni Musoma; chakula kitabaki, kwa sababu utaratibu wake umebaki: kitu kibichi na baridi ndani ya ngozi isiyo na ladha, inayoonyesha kilichomo, na mchuzi mkali nje. Chapati ya maji ina ladha yake, ina joto lake, na haionyeshi kitu. Inachukua uongozi. Ule wa shemeji ulikuwa mlo mzuri, na nitauomba tena, lakini uwe na jina lake.

Tulijaribu pia, mke wangu akiongoza, kuitengeneza karatasi yenyewe hapa Musoma kwa mchele uliosagwa na wanga wa muhogo, juu ya kitambaa na sufuria. Ya mvuke ilitoka, tukaila ingali laini, na ilikuwa tamu. Tulipoianika kwenye ungo, ilishika nyuzi za ungo isibanduke. Kazi hiyo bado ipo mbele yetu.

Sasa kasoro, maana mhakiki anayesifu tu hana kazi. Kasoro ya kwanza ni maji. Chakula hiki ni majani mabichi matupu, na maelekezo yanasema "osha vizuri" kana kwamba maji ya kila mahali ni salama. Mkoa wetu umewahi kupigwa na kipindupindu, na wazee wetu hawakuchemsha mboga kwa kukosa akili. Anayekifuata chakula hiki ayaoshe majani kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa, na aoshe mikono kwa sabuni, hasa pale kila mtu anapokunja. Maneno hayo yalistahili mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza.

Kasoro ya pili ni chumvi. Yale maji ya samaki, nước mắm, hutokana na samaki wadogo wa baharini wanaovundikwa kwa chumvi. Kisiwani Phú Quốc hukaa kwenye mapipa ya mbao kwa karibu mwaka mzima. Samaki hao ni jamaa wa dagaa mchele wa Zanzibar. Ladha yake ni ya kina, na nilipochemsha dagaa wetu wa ziwa nikachuja maji yake nilipata kivuli tu cha ladha hiyo. Lakini ni chumvi tupu. Mjukuu alituma chakula kisicho na mafuta kwa ajili ya bibi mwenye shinikizo la damu, akakifunga pamoja na chupa ya chumvi. Kwake tunatumia mchuzi wa karanga na ndimu, na chupa imebaki kabatini kwa ajili ya wageni wenye mishipa mizima.

Kasoro ya tatu ni kwamba hakimlazi mtu. Aliyetoka kulima au kuvuta nyavu, ukimwekea mikunjo minne, ataishukuru na kuuliza ugali uko wapi. Wala si kosa; kisifiwe kwa kilicho: chakula cha mchana wa joto, cha wazee, cha wagonjwa wanaotafuna polepole ikiwa kimekatwa vipande vidogo, na cha watu wanaotaka kuketi pamoja muda mrefu wakiwa na shughuli mikononi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba chakula kimefaulu, na maelekezo yamefeli na yarudiwe.

Nilikuwa nimeacha karatasi nne nyumbani. Jioni tuliyorudi kutoka Butiama, mke wangu alisema anataka kukunja mwenyewe. Tangu augue hakuwa ameomba kazi yoyote ya jiko. Nikaweka kibao mbele yake. Nilizamisha, nikahesabu, nikatoa ingali ngumu, nikailaza. Alipanga majani kwa mkono wa kushoto. Ilipofika kuvuta, mkono mmoja haukutosha, hivyo nikatia wangu wa kulia upande wa pili, yeye akiniambia lini nivute na lini niache. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikaa. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua kama alivyokuwa akikagua mishono ya wanachuo, kisha akaula.

Ndipo nikamwambia kwamba nimeandika juu ya ule mkaa niliokata chuoni. Akasema ni mambo ya zamani, alikwisha kuyasahau.

Akazamisha karatasi ya tatu yeye mwenyewe, akahesabu. Alipoitoa akasema, bila kunitazama, "Yalikuwa magunia sita."